Chaji ya Jua Ipimwe kwa Mita

Wapo watu wanaodai kwamba kituo cha kuchajia bajaji na pikipiki kikitumia jua hakiihusu Serikali, kwa kuwa hakichukui hata uniti moja ya TANESCO. Hayo ni mawazo potofu. Jua ni la wote. Kinachouzwa ni umeme, na mnunuzi ni dereva wa Mbagala au Bunju ambaye bado anadaiwa hesabu ya siku na mwenye chombo.

Dereva wa petroli analindwa mara mbili: EWURA hutangaza bei kikomo kila mwezi, na Wakala wa Vipimo hukagua pampu. Mwenzake wa betri akiuziwa "chaji moja", hiyo ni kipimo gani? Betri iliyochoka haihifadhi umeme kama mpya. Akitozwa bei ileile, amelipia hewa. Hata muuza karanga hupima kwa kikombe kinachoonekana!

Basi udhibiti uanzie kwenye mita, dereva alipie uniti, na bei ibandikwe ukutani. Usianzie kwenye kufuli. Sheria ya Umeme ya mwaka 2008 iliwasamehe leseni ya umeme wazalishaji wa chini ya megawati 1, na ilifanya hivyo kwa busara. Mwaka 1976 maduka ya watu binafsi yalifungwa vijijini kabla ya maduka ya ushirika kuwa tayari. Aliyeumia ni mwanakijiji, si mlanguzi. Ofisa akifunga kibanda cha Chamazi leo, mwenye paneli atazihamishia kwingine. Dereva ataisukuma bajaji yake hadi nyumbani.