Michezo mipya ichezewe Boito

JAMVI LA WIKI
Na Chelang'at Rono

Muhula wa kwanza ukifika katikati, shule za upili za Bomet na Kericho huingia katika pilkapilka za drama. Walimu hukesha wakiandika michezo, maleba hushonwa, na basi la shule hupakiwa mbao na mapazia kuelekea mashindano ya kaunti, kisha ya kanda, na mwenye bahati hufika ya taifa mwezi wa Aprili. Tamasha hizo zimekuwapo tangu 1959 na zimelea vipaji vingi sana. Lakini mtoto aliyeshangiliwa na ukumbi mzima akishafanya mtihani wa kidato cha nne hurudi kwao Konoin, kule Boito, Kimulot au Mogogosiek, na uigizaji wake huishia hapo. Mwenye nauli na jamaa wa kumpa malazi ataenda Nairobi kubisha hodi Kenya National Theatre. Asiye navyo atashika kikapu cha chai, na ule mchezo alioanza kuuandika utabaki katika daftari.

Nataka Boito iwe na tamasha lake la michezo ya kuigiza. Liwe la watu wazima, la waandishi wapya na michezo ambayo haijawahi kuchezwa popote, nalo lifanyike mahali ambapo mchuma chai anaweza kufika kwa miguu.

Jambo hili limewahi kufanywa na wanakijiji nchini mwetu, tena katika eneo la chai. Chai ya kwanza Kenya ilipandwa Limuru mwaka wa 1903, miongo miwili hivi kabla ya makampuni makubwa kuja kulima Kericho. Na ni huko Limuru, katika kijiji cha Kamiriithu, ambako mwaka wa 1977 wakulima, vibarua wa mashamba na wafanyakazi wa viwandani walijenga jukwaa la wazi kwa mikono yao. Viti viliweza kuchukua watu zaidi ya elfu mbili. Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ walikuwa wameandika mchezo wa Ngaahika Ndeenda kwa Kikuyu, lakini maandishi yale hayakuchukuliwa kuwa yamekamilika. Mazoezi yalifanywa hadharani, na kila aliyepita aliweza kusimama akasikiliza. Wazee walisahihisha lugha: mzee hasemi na mgeni hivyo, wimbo huu hauimbwi namna hiyo. Wafanyakazi walieleza jinsi kazi ya kiwandani inavyomnyonya mtu, na maelezo yao yakaingia katika mchezo. Ulipofunguliwa tarehe 2 Oktoba 1977, watazamaji walikuwa wakitazama kitu walichokifinyanga wenyewe. Walifika hata kutoka vijiji vya mbali.

Wiki sita tu baadaye, tarehe 16 Novemba, serikali iliondoa kibali. Tarehe 31 Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o alikamatwa, akawekwa kizuizini karibu mwaka mzima bila kushtakiwa. Kikundi kilijaribu tena na mchezo mwingine, Maitũ Njugĩra, wakafungiwa milango ya Kenya National Theatre, na Machi 1982 jukwaa la Kamiriithu likabomolewa. Miaka arubaini ilipita kabla ya Ngaahika Ndeenda kurudi: ulichezwa Nairobi mwezi wa Mei 2022, katika ukumbi uleule uliowafungia milango. Ngũgĩ wa Thiong'o alifariki Mei 2025. Viongozi walitoa rambirambi nyingi. Heshima ambayo mimi ningependa apewe ni kijiji kingine cha chai kuwa na jukwaa.

Tukumbuke hasa yale mazoezi ya hadharani, kwa sababu hapo ndipo mwandishi wa michezo huzaliwa. Mwandishi wa riwaya anaweza kujifungia chumbani. Wa michezo hujifunza anapoona mama wa safu ya tatu anaanza kuzungumza na jirani yake wakati ambapo alipaswa kulia. Katika mashindano ya shule, anayeamua ni jaji mwenye karatasi ya alama, na hadhira huambiwa inyamaze. Tamasha la Boito lisiwe na vikombe wala nafasi ya kwanza. Mwandishi asome mchezo wake mbele ya watu mwezi wa Oktoba, aambiwe ukweli, arudi nyumbani kuurekebisha, aufanyie mazoezi uwanjani Novemba, na Desemba, vijana wanaofanya kazi mijini wakiwa nyumbani, uchezwe. Ukimalizika, waigizaji wabaki jukwaani na watu waseme walichoona.

Mtu asiniambie kwamba hatuna hadithi. Mwaka wa 1934 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya kuwahamisha Walaibon, viongozi wa kiroho wa ukoo wa Talai, ikawapeleka Gwassi, mbali na Wakipsigis wenzao, na vilima walivyoviacha vimefunikwa na chai hadi leo. Mwezi wa Mei 2023 mashine za kuchuma chai ziliteketezwa mashambani na watu waliosema zinawanyang'anya kazi. Februari mwaka huohuo BBC ilionyesha wanawake wakieleza jinsi wasimamizi mashambani walivyowadai ngono ili wapate kibarua au kazi nyepesi, na nchi nzima ikashtuka kwa juma moja. Kuna bonasi, ambayo kila Oktoba huwaacha wakulima wa huku wakiuliza kwa nini wenzao wa mashariki ya Bonde la Ufa hulipwa zaidi kwa kilo. Kuna baba mwenye robo ekari ya majani na wana wanne wanaotaka kugawiwa. Katika mkutano wa hadhara mambo haya hupigiwa kelele na kila mtu hurudi nyumbani na msimamo aliokuja nao. Katika mchezo, kijana aliyechoma mashine na kijana aliyeajiriwa kuiendesha wanaweza kuwa ndugu wa tumbo moja, na mtazamaji akalazimika kuwasikiliza wote wawili.

Alamin Mazrui alilijua hilo alipoandika Kilio cha Haki, kilichochapishwa 1981, tamthilia ya Kiswahili kuhusu vibarua wa shamba la mzungu wanaogoma wakiongozwa na mwanamke, Lanina. Mwaka uliofuata Mazrui aliwekwa kizuizini. Ningependa kuona Lanina akichezwa Boito mwaka wa kwanza, kando ya michezo mipya, ili waandishi wetu wajue walikotangulia wengine.

Wala sanaa ya jukwaa si ngeni huku. Mwaka wa 1950 Hugh Tracey alirekodi pale Kapkatet wasichana wa Kipsigis wakiimba kuhusu kiumbe aliye nusu mtu nusu swala, wakimsihi acheze ngoma. Wimbo huo, Chemirocha, unasikilizwa duniani kote. Una mhusika, una vazi, una kicheko. Aliyeutunga alikuwa akiandaa mchezo bila kalamu.

Lugha iwe Kipsigis na Kiswahili, na mwandishi achague. Katika kambi za mashamba wanaishi Wakisii, Wajaluo na Waluhya ambao wazazi wao walikuja kuchuma chai, na majirani hao wameumizana zaidi ya mara moja wakati wa uchaguzi. Wanahitaji mahali pa kuketi pamoja pasipo na mgombea.

Wenye mamlaka wataogopa, najua. Tuliona Nakuru, Aprili 2025, katika mashindano ya taifa, wasichana wa shule ya Butere waliofika na Echoes of War, mchezo wa Cleophas Malala. Mahakama Kuu ilikuwa imeamuru waruhusiwe kucheza. Mwandishi wao alikamatwa, polisi wakarusha vitoa machozi kwa watu waliokuja kutazama, na watoto wakaimba wimbo wa taifa, wakaondoka jukwaani bila kucheza. Shule hiyohiyo ilipitia mkasa kama huo mwaka wa 2013 na Shackles of Doom, mchezo wa mwandishi yuleyule, na wakati huo pia ilibidi mahakama iingilie kati. Katiba ya 2010, kifungu cha 33, inataja wazi uhuru wa ubunifu wa kisanaa. Bado ipo sheria ya filamu na michezo ya jukwaani ya 1962, iliyopitishwa kabla hatujapata uhuru, na Bunge linapaswa kuiondoa.

Hadi hilo litendeke, kaunti inaweza kutusaidia. Shughuli za utamaduni na burudani za umma ni kazi ya kaunti kwa mujibu wa Jedwali la Nne la katiba. Siombi jumba. Kamiriithu hawakuwa na paa. Tunahitaji uwanja, jukwaa la mbao, taa, vyoo vya muda na barua ya kibali iliyotiwa sahihi mapema, isije ikazuiliwa asubuhi ya onyesho. Kiingilio kiwe shilingi hamsini, na pesa hizo ziende kwa waandishi na waigizaji. Hotuba za wageni waheshimiwa zisiwepo kabisa. Anayetaka kuja alipe na kuketi.

Mwaka wa kwanza michezo mitatu inatosha: miwili mipya na Kilio cha Haki. Walimu wa drama wa Konoin wanawajua wanafunzi wao wa zamani walio na maandishi kabatini, na ningewaomba wawapigie simu wiki hii, maana usomaji wa Oktoba hauko mbali.