Prosesa Bila Programu Huishia Mahakamani

Makamanda, kila mfumo mpya wa serikali ukizinduliwa, utepe unakatwa na picha zinapigwa. Swali moja haliulizwi: programu za kuendeshwa humo ziko tayari? Na nani anabanwa kisheria kuziendeleza?

Hebu tuangalie Itanium. Intel na HP walitangaza ushirikiano wao mwaka 1994, chipu ikaingia sokoni 2001. Uzuri wake wote uliegemea kompaila, yaani ile programu inayogeuza maandishi ya mtengeneza programu kuwa amri za mashine. Prosesa nyingine kubwa za wakati huo zilijipangia zenyewe, kazi ikiendelea, amri zipi ziende pamoja. Itanium iliiachia kompaila ipange mapema. Kwenye karatasi, safi kabisa! Tatizo ni kwamba kompaila haiwezi kujua data itachelewa wapi kabla programu haijaanza kukimbia. Programu za zamani nazo zikawa zinajikokota humo. Mwaka 2003 AMD wakaleta prosesa ya biti 64 inayoendesha programu za zamani bila kuzigusa, na soko likahamia huko. Mwaka uliofuata Intel wenyewe wakaifuata njia hiyo hiyo.

Sasa utamu wetu sisi watu wa sheria. Machi 2011 Oracle wakatangaza kwamba hawatengenezi tena programu mpya za Itanium. HP, waliokuwa wanauza seva hizo, wakaenda mahakamani California. Walishika nini mkononi? Aya moja tu ya makubaliano ya 2010, tena yaliyomaliza ugomvi mwingine kabisa, wa Oracle kumwajiri Mark Hurd, bosi wa zamani wa HP. Mwaka 2012 jaji akasema aya hiyo inaibana Oracle. Mwaka 2016 juri ikawapa HP dola bilioni 3. Soko la Itanium halikurudi lakini; Intel walifunga usafirishaji wake 2021.

Hao ni HP, wenye jeshi la mawakili. Halmashauri ya wilaya itamshitaki nani, kwa aya ipi?

Kwa hiyo mikataba ya mifumo ya umma iseme waziwazi: hakuna malipo ya mwisho mpaka programu zimeonekana zikifanya kazi kwenye mashine yenyewe, muuzaji aziendeleze kwa miaka iliyotajwa, akijitoa, akabidhi msimbo chanzo na alipe fidia. Madiwani wetu wamo kwenye kamati za fedha. Kikao kijacho waombe mkataba wauone, waitafute aya hiyo.