Shauri la Kijana

Vijana wengi wa Katumba na Mishamo, mkoani Katavi, ni wajukuu wa wale waliokimbia mauaji ya Burundi mwaka 1972. Uraia wa Tanzania walipewa mwaka 2014. Lakini cheti hakiondoi unyonge uliokwisha kukaa moyoni, na aliyezoea kuitwa mkimbizi huinamisha kichwa hata mbele ya wenzake. Kumkaripia hakufai. Na tumketishe, tumsikilize, kisha tumtake shauri katika jambo la nyumbani, kama vile kuuza mpunga. Kule Hudaibiya, mwaka wa 6 Hijria, Masahaba waliposita kuchinja, Mtume (S.A.W.) alilifuata shauri la mkewe, Bibi Ummu Salama (R.A.). Enyi wazee wa Mpanda, kijana wenu mlimtaka shauri lini?