Kifua cha mtoto hakingoji baridi

Mama akiniletea mtoto anayekoroma kifua mwezi Januari, aghalabu huanza kwa kumtaja wa kulaumiwa: yaya alimwogesha maji baridi, au baba aliacha feni ikiwaka usiku kucha. Lakini Januari huku Pwani ni kaskazi. Jasho linatutoka hata usiku. Hiyo baridi imetoka wapi?

Virusi vya RSV, ambavyo huwalaza watoto wachanga wengi kwa maradhi ya mapafu, vina msimu wake. Kilifi, ambako watafiti wa KEMRI wamevifuatilia hospitalini kwa zaidi ya miaka 20, wagonjwa kwa kawaida huanza kuongezeka mwishoni mwa mwaka na kufikia kilele miezi ya mwanzo ya mwaka unaofuata. Wodi hujaa wakati wa joto.

Na nani huvileta nyumbani? Utafiti uliofanywa katika familia za Kilifi ulionyesha kuwa mara nyingi ni kaka au dada anayesoma. Kwake ni makamasi ya siku chache tu. Kwa mdogo wake wa miezi mitatu, njia za hewa ni nyembamba mno na huziba upesi. Basi mwanafunzi anawe mikono kwa sabuni kabla ya kumbeba mtoto, na akiwa na mafua asimbusu. Najua ni vigumu kumwambia shangazi aliyesafiri kutoka mbali asimshike mtoto. Mwambie tu.

Vivyo hivyo wodini. Nimeona mtoto aliyelazwa kwa kuharisha, akaanza kupata nafuu, kisha akaambukizwa kifua na mgeni aliyekuja kumjulia hali. Ukiwa unakohoa, piga simu.

Usimshinikize daktari wala muuza dawa akupe antibiotiki kwa kila kikohozi, haziui virusi. Afadhali ujifunze kuhesabu pumzi za mwanao kwa dakika nzima akiwa ametulia. Chini ya miezi miwili, pumzi 60 au zaidi ni hatari. Kuanzia miezi miwili hadi kabla ya mwaka mmoja, 50. Kuanzia mwaka mmoja hadi mitano, 40. Ukiona kifua kinabonyea chini ya mbavu anapovuta pumzi, au anashindwa kunyonya, au midomo inageuka rangi ya samawati, usingoje kupambazuke. Njoo hospitali hata kama hana homa.