Mtutu ndio huchagua risasi, si bei ya sokoni

Kila mwenye bunduki ya kushindiliwa mdomoni anauliza jambo moja: risasi gani, na sabo gani, vitapiga pale ninapolenga? Mtu wa Rubondo anayevusha maharage na mahindi kwenda Mbarara, au anayenunua mzigo Karagwe na kuupitisha Kikagati, anaweza kudhani swali hilo ni la wawindaji peke yao. Si lao peke yao. Katika ukanda wetu swali hili huishia kwa mchukuzi wa mizigo, kwa sababu anayekosa kitu upande mmoja wa mpaka humtafuta mtu anayejua njia ya upande wa pili.

Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Tanzania inauruhusu kwa vibali. Uganda ilianza kuujaribu tena mwaka 2001, katika ardhi za wafugaji zinazopakana na Hifadhi ya Ziwa Mburo, si mbali na makazi ya Nakivale. Wageni wanaolipa ili kuwinda wana bunduki za kila aina, na wapo wanaopenda ile ya kizamani inayopakiwa kwa mdomo: baruti kwanza, kisha risasi, kisha kushindilia kwa ufito. Mgeni anaweza kuileta bunduki yake kwa kibali. Risasi tupu na sabo zake anaweza kuzipakia sandukuni. Baruti hawezi, kwa kuwa kanuni za usafiri wa anga zinaizuia kabisa katika mizigo ya abiria. Hapo ndipo agizo la "kopo moja tu" linapozaliwa, na hapo ndipo ninapowasihi wafanyabiashara wasimame.

Kwanza tuelewe kazi ya vitu hivi. Sabo ni kikombe kidogo cha plastiki kinachoishika risasi iliyo nyembamba kuliko mtutu. Jina lake ni la Kifaransa na maana yake ni kiatu cha mti. Mtutu wa nusu inchi, yaani milimita 12.7, kwa kawaida hupokea sabo yenye risasi ya milimita 11.5 hivi. Bunduki ikilia, plastiki inajaza nafasi, inaziba moshi usipite pembeni, inashika michirizi ya mzunguko iliyochongwa ndani ya mtutu na kuizungusha risasi. Ikishatoka mdomoni, sabo inafunguka na kuanguka. Risasi inaendelea peke yake, ikizunguka kama pia. Mzunguko huo ndio unaoinyoosha njia.

Basi mambo manne lazima yapatane: michirizi, risasi, sabo na baruti. Mtutu ambao michirizi yake inakamilisha mzunguko mmoja kwa inchi 28 unafaa risasi ndefu yenye sabo. Ule unaozunguka mara moja kwa inchi 60 au 66 ulitengenezwa kwa gololi ya risasi iliyofungwa kitambaa chenye mafuta. Ukiupa risasi ndefu, haitatulia hewani. Ule wa inchi 48 uko katikati, na mara nyingi hauridhishi upande wowote kikamilifu.

Sabo inayoteleza bila kushindiliwa imelegea. Risasi yake inaweza kusogea mbele na kuacha nafasi juu ya baruti, jambo linaloharibu shabaha na linaloweza kuupasua mtutu. Sabo inayohitaji kugongwa kwa nguvu imebana mno. Inachanika kabla haijafanya kazi. Inayofaa inashuka kwa mkono mmoja wenye nguvu ya wastani, bila kusita njiani. Baada ya kupiga, mlengaji mzuri huziokota sabo zilizoanguka. Zikiwa zimefunguka sawasawa kama petali za ua, mambo yamepatana. Zikiwa zimeyeyuka, zimetoboka au zimekatika upande mmoja, atabadilisha sabo au atapunguza baruti.

Baruti nayo haipimwi kwa macho. Hupimwa kwa kikombe maalumu, na mtengenezaji wa bunduki huandika kiwango cha juu kisichovukwa. Anayetafuta mchanganyiko bora hubadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja: anapiga risasi tatu au tano akiwa ameegemea kitu imara, anasafisha mtutu baada ya kila mlio, anausubiri upoe kwa sababu joto hulainisha plastiki, kisha anatazama matundu kwenye karatasi. Anaanza yadi 50, halafu 100. Akibadilisha risasi na baruti kwa pamoja, hatajua ni ipi iliyomsaidia.

Hapa ndipo hoja yangu ilipo. Mgeni aliyefanya kazi hiyo yote kwao, akaijua risasi yake na sabo yake, akafika huku akamiminiwa baruti nyingine ya kopo lisilo na jina, ameanza upya bila kujua. Karatasi aliyotoboa vizuri nyumbani haina maana tena. Risasi itakayompata swala pala tumboni badala ya begani itamfanya mnyama akimbie na kufa siku ya pili kichakani. Nyati aliyejeruhiwa hafi peke yake kimya. Anamsubiri mchungaji au mwanamke anayeokota kuni. Hasara ya shabaha mbovu hailipwi na aliyepiga, inalipwa na anayeishi pale.

Na baruti si moja. Iko nyeusi ya kizamani, ziko mbadala wake, na iko ya kisasa isiyo na moshi ambayo ndani ya bunduki ya kushindilia inaweza kuwa bomu, isipokuwa bunduki yenyewe iwe imetengenezwa kwa ajili hiyo. Kikagati na Kyerwa ni nchi ya machimbo ya bati. Milipuko ya kupasulia mawe si kitu kigeni kule. Mtu akikuambia kwamba ya mgodini "inafanya kazi ileile", anakuuzia mkono uliokatika.

Biashara hii ina historia ndefu kwetu. John Hanning Speke alipofika kwa Rumanika wa Karagwe mnamo Novemba 1861, wafanyabiashara wa pwani walikwishafika na walikuwa na kituo Kafuro. Bunduki nyingi za zama hizo zilishindiliwa mdomoni. Mwaka 1890, Mkataba wa Brussels ulizuia kuingizwa kwa bunduki zenye michirizi katika sehemu kubwa ya Afrika, ukaacha mlango kwa bunduki za gumegume zisizo na michirizi pamoja na baruti duni ya biashara. Walioandika walijua walichofanya: Mwafrika aliruhusiwa kununua bunduki isiyolenga.

Gobole la kienyeji la leo, lililofuliwa kwa bomba, ni mjukuu wa bunduki hiyo. Halina michirizi, upana wake haulingani kutoka mwanzo hadi mwisho, na hushindiliwa marisau, misumari au vipande vya nondo. Hakuna sabo itakayolitibu, kwa kuwa sabo isiyo na michirizi ya kushika ni plastiki tu. Anayelipeleka shambani kufukuza nguruwe pori hajui litapiga wapi, wala kama litapasuka usoni mwake.

Najua majibu yatakayokuja. La kwanza: mkulima wa kando ya Ziwa Nakivale analala njaa kiboko akila shamba, atafanya nini? Ni swali la haki. Lakini jibu lake ni Sheria ya Wanyamapori ya Uganda ya mwaka 2019, ambayo imeweka mpango wa fidia kwa madhara ya wanyama. Tudai fidia hiyo ifike vijijini na makambini, kwa fomu inayosomeka na kwa wakati, badala ya kumuuzia mkulima kopo la baruti. La pili: mchuuzi mdogo akikataa agizo, mwingine atalichukua. Huenda. Lakini huyo mwingine ndiye atakayekutwa nalo kizuizini. Utaratibu rahisi wa Jumuiya kwa mizigo isiyozidi dola 2,000 unamfaa mwenye mahindi, ndizi na vitenge. Haukuandikwa kwa ajili ya baruti. Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 kuhusu silaha ndogo inabana risasi kama inavyobana bunduki. Na mkimbizi mfanyabiashara, ambaye Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 imempa haki ya kufanya kazi na kutembea, ana vingi vya kupoteza kuliko faida ya kopo moja.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, nchi za Jumuiya zikubaliane juu ya orodha moja ya vifaa vya bunduki za kushindilia: kipi ni silaha, kipi ni mlipuko, kipi ni plastiki tu. Orodha hiyo ibandikwe kwa Kiswahili Kikagati, Murongo, Mutukula na Mirama Hills. Leo mchuuzi akikutwa na mfuko wa sabo anategemea hali ya afisa aliye zamu.

Pili, baruti ya mwindaji aliyealikwa inunuliwe na mwenye leseni ya milipuko katika nchi ileile anayowinda, na isivuke mpaka mfukoni mwa mtu.

Tatu, hakuna mgeni aingie porini kabla ya kupiga karatasi, yadi 50 na 100, kwa risasi ileile, sabo ileile na baruti ileile atakayoitumia, mbele ya askari wa wanyamapori. Akishindwa, abaki akipiga picha. Kampuni makini haitaona taabu: saa mbili za majaribio ni nafuu kuliko siku mbili za kumfuata nyati mwenye jeraha.

Uwindaji halali unahitaji unga, nyama, mafuta, mahema, magari na wafanyakazi, na katika hivyo hakuna anayehitaji kujificha. Huko ndiko fedha ya mfanyabiashara wa Rubondo na Mbarara iliko. Akija mtu na agizo la kopo lisilo na lebo, mwulize mtutu wake una michirizi ya inchi ngapi na mtengenezaji ameandika baruti gani. Akijua, atajua pia kwamba duka lake si wewe. Asipojua, hastahili kupewa.