Simu ni Yako, Kufuli ni Lao

Kwa marafiki zangu mimi ndiye "yule msee wa simu". Mtu akitaka kununua simu ananitumia picha mbili kwa WhatsApp na swali moja: nichukue gani? Nimejibu swali hilo kwa miaka. Najua betri ipi hudumu, kamera ipi ni maneno matupu, na ni maduka ya aina gani pale Luthuli Avenue yatakayokupa chaja feki ukipepesa macho tu. Lakini kuanzia sasa sijibu mpaka uniambie kwanza: unanunua kwa kesh ama kwa mkopo? Na ukichelewa kulipa, nani ana ufunguo?

Acheni niwaeleze kwa nini nimekuwa mgumu hivi.

Mathe anafanya kazi ya nyumba Spring Valley, kwa boma moja karibu na Lower Kabete Road. Anaishi huko huko, kwa SQ nyuma ya nyumba kubwa. Mimi niko Kangemi, na Jumapili huenda kumwona kwa miguu kwa sababu si mbali, ingawa ukifika unaona kama umevuka mpaka wa nchi. Huku tunapigania nafasi ya kuanika nguo, kule ni miti, ua mrefu, na mlinzi anayekuuliza unaenda kwa nani hata kama anakujua tangu ukiwa na kaptura.

Mathe alichukua simu ya mkopo. Sitataja kampuni, na hata haina maana, kwa sababu ukibadilisha rangi ya bango karibu zote husema maneno yaleyale. Alilipa 2,500 za kwanza, halafu 65 kila siku kwa mwaka mzima. Sitini na tano! Nani hana sitini na tano? Hiyo ni chapati mbili na chai ya kibandani. Ndivyo hesabu hii inavyouzwa: haikuonyeshi mlima, inakuonyesha jiwe moja moja.

Sasa tupige hesabu ambayo bango halikupiga. 65 mara siku 365 ni 23,725. Ongeza zile 2,500 unapata 26,225. Simu hiyohiyo, rangi hiyohiyo, niliiulizia Luthuli kwa kesh nikaambiwa 14,500. Kwa hivyo mathe alikuwa analipa 11,725 zaidi kwa kosa moja tu, la kutokuwa na elfu kumi na nne kwa mpigo. Aliye na pesa ananunua bei rahisi. Asiye nayo ananunua karibu mara mbili, halafu anaambiwa ashukuru kwamba amejumuishwa.

Hata hapo ningenyamaza. Mkopo una gharama, hakuna anayekopesha kwa upendo. Kilichonitoa kimya ni Ijumaa moja usiku.

Mama mdogo alikuwa amelazwa nyumbani, Vihiga. Mathe alituma kila kitu alichokuwa nacho, kwa hivyo siku nne zikapita bila kulipa zile 65. Deni lilikuwa shilingi 260. Kufikia siku hiyo alikuwa amelipa siku 280, yaani 18,200, pamoja na zile za kwanza 2,500. Jumla 20,700. Alikuwa ameshazidisha bei ya kesh kwa zaidi ya elfu sita. Saa mbili usiku kioo kikabadilika, kikatokea maandishi ya kumwambia alipe, na simu ikafungwa. Haikupiga, haikupokea. Na saa tatu usiku huo ndipo mama mdogo alikuwa anapelekwa kufanyiwa upasuaji, akataka kuongea na dada yake kwanza. Alipiga mara saba.

Mungu ni mkubwa, alitoka salama. Lakini mathe alikaa usiku kucha na kipande cha plastiki mkononi bila kujua kama dada yake yuko hai. Hakwenda kugonga nyumba kubwa. Nilipomuuliza kwa nini, alisema aliona haya. Asubuhi mama mwenye nyumba alipomuuliza mbona hapatikani, akajibu, "Simu imeharibika." Simu ilikuwa nzima kabisa. Aliona afadhali aidanganyie simu kuliko kusema anadaiwa shilingi mia mbili na sitini.

Nani alimwokoa? Mzee wa geti. Huyu mzee ana kabambe, ile katululu yenye tochi ambayo nyinyi mkimwona nayo mtu kwa matatu mnaanza kuchekana. Mathe akamwambia, "Shemeji, nisaidie simu niweke laini yangu." Mzee akatoa laini yake, akaweka ya mathe, akamwachia mpaka alipomaliza kumpigia mama mdogo na kupiga kila mtu aliyemjua hadi akapata wa kumkopesha 260 za kulipia. Fikirieni jambo hilo. Kwa boma zima lenye saa za kidijitali, tableti na televisheni kubwa kama mlango, simu iliyofanya kazi ya simu ilikuwa ile ya bei ya chini kuliko zote. Na kati ya wafanyakazi wote wa boma hilo, yeye peke yake ndiye aliyekuwa na simu yake mwenyewe. Wengine walikuwa wameazimwa.

Wazo la kumzimia mtu kifaa kutoka mbali si geni hapa kwetu. M-KOPA ilipoanza kuuza taa za sola mwaka 2012, mtambo ule ulikuwa na laini ndani yake: ukilipa kwa M-Pesa taa inawaka, usipolipa inazimwa. Mwaka 2020 Safaricom na Google wakaleta Lipa Mdogo Mdogo, shilingi 20 kwa siku, na wengi walitoka kwa kabambe wakaingia intaneti kwa mara ya kwanza. Mfumo ukaenea. Leo kufuli hilo si ujanja wa fundi wa mtaani. Google wenyewe wana programu ya kufungia simu za Android za mkopo, na Samsung wana yao inayoitwa Knox Guard. Limejengwa ndani kabisa, na hata ukifuta kila kitu kwenye simu linarudi.

Najua mtasema nini, kwa sababu nimeambiwa na watu wenye akili kuniliko. Bila kufuli hakuna mkopo, na bila mkopo mathe hangepata simu. Benki haimpi mtu asiye na hati ya malipo ya mshahara. Kufuli ndilo dhamana. Sawa. Nakubali kwamba anayekopesha anahitaji dhamana, na nakubali kuna wasee wanaochukua simu leo na kesho wameiuza. Sitaki mkopo ufutwe. Mathe mwenyewe amenikanya nisiandike hivyo, kwa sababu kwa simu hiyo ndiyo anawaona wajukuu wa mama mdogo kwa video.

Lakini dhamana ina mipaka, na sisi wenyewe tuliiandika zamani. Kenya ina Sheria ya Ununuzi kwa Awamu, Sura ya 507. Inasema ukishalipa theluthi mbili ya bei, mwenye mali hawezi kuja kuchukua kitu chake hivi hivi. Lazima aende kortini. Waliotunga sheria hiyo walimfikiria mtu aliyelipia cherehani au redio karibu yote, halafu kwa sababu ya mwezi mmoja mbaya anakuja kijana wa duka kuibeba. Wakasema hapana, huyu ameshakuwa na haki.

Mathe alikuwa amelipa zaidi ya robo tatu. Hakuna aliyekuja na gari kuchukua simu, kwa hivyo mawakili watabishana kama kuifunga ni kuichukua. Wabishane. Mimi nauliza tu: simu ambayo haipigi, haipokei, haifungui M-Pesa, imebaki kuwa nini? Kioo cha kujitazamia? Zamani aliyetaka kukunyang'anya redio ilibidi apande matatu, agonge mlango, akutazame machoni, na majirani waone. Sasa anafanya hivyo bila hata kuamka kitini, na anawafanyia watu elfu moja kwa dakika moja.

Na hebu tusijidanganye kwamba hili ni tatizo la watu wa SQ tu. Kijana wa nyumba kubwa ni rafiki yangu. Ana PlayStation 5, ile isiyo na mahali pa kuweka diski. Nikienda Jumapili hunikaribisha tucheze, na hunichapa vizuri sana. Siku moja nikamuuliza mbona akaunti yake inasema anaishi Uingereza. Akacheka. Kumbe PlayStation Network haiuzwi rasmi Kenya, na ukitaka kuingia lazima uwe mwongo: chagua nchi nyingine, andika anwani ya mtu usiyemjua, nunua kadi za huko. Mtoto wa Spring Valley, mwenye kila kitu, analazimika kuwa mkimbizi wa kidijitali ili acheze mpira.

Mei 2024 wengi waliona ubaya wake. Sony walitangaza kwamba wanaocheza Helldivers 2 kwa kompyuta lazima waunganishe akaunti ya PlayStation. Mchezo ukaondolewa sokoni kwa zaidi ya nchi 170, karibu Afrika nzima. Kulikuwa na watu walioulipia pesa zao halali, na ghafla wakaambiwa mlango haufunguki kwao. Wachezaji wa dunia nzima wakapiga kelele na kujaza malalamiko, na baada ya siku chache tu Sony wakaacha sharti hilo.

Angalieni tofauti. Watoto wenye kompyuta za bei walipofungiwa mchezo, dunia ilisimama na kampuni kubwa ikarudi nyuma ndani ya wiki. Mama akifungiwa simu dada yake akiingia chumba cha upasuaji, tunamwambia angelipa mapema. Kufuli ni lilelile. Tofauti ni kwamba mmoja hakuona haya kulalamika.

Linganisheni na zile PlayStation za mtaani, pale Kangemi kwa vibanda vya mabati. Utakuta bado kuna PS3 na hata PS2, na diski zimekwaruzwa kama ubao wa chapati. Padi zimefungwa kwa selotepu. Lakini mwenye kibanda ni mwenye kibanda. Diski yake anaweza kuiuza, kuiazima, kubadilishana na jirani. Hakuna mtu mahali popote anayeweza kubonyeza kitu akamfungia biashara. Nyinyi mnaita hiyo umaskini. Mimi naita kumiliki.

Kwa hivyo nataka nini? Mambo manne, na hakuna hata moja litakalofilisi kampuni.

Kwanza, kufuli lisiguse kupiga simu, kupokea simu, ujumbe na M-Pesa. Fungeni TikTok, fungeni kamera, fungeni mpira. Hiyo inatosha kumkera mtu mpaka alipe. Kumziba mtu mdomo si dhamana.

Pili, bango liandike jumla. Si 65 kwa siku, bali 26,225, kwa herufi kubwa kama zile za 65, na kando yake bei ya kesh.

Tatu, aliyelipa theluthi mbili asifungiwe bila notisi ya maana na mahali pa kulalamikia. Mwaka 2022 Benki Kuu ilitoa kanuni za mikopo ya kidijitali, zikakataza wakopeshaji kumtishia mtu na kuwapigia jamaa zake simu ili wamwaibishe. Tulikubaliana basi kwamba aibu si njia ya kukusanya deni. Kumfungia mtu simu siku anayoihitaji ni aibu ileile, imepitia mlango wa nyuma.

Nne, siku ya malipo ya mwisho, kufuli liondolewe lote na upewe maandishi. Usiachiwe programu ya mtu mwingine ikiishi ndani ya mali yako.

Na kwenu nyinyi, wasee wangu, acheni kuuliza kamera ina megapikseli ngapi. Zidisheni ile ya kila siku kwa 365 kabla ya kuweka kidole. Kama mna chama, fanyeni kama wanawake wa kazi za nyumba wanavyofanya Spring Valley kwa sufuria na blanketi: kila mwezi mmoja ananunuliwa, kwa kesh, bei ya Luthuli. Simu inakuja miezi michache baadaye, lakini ikija imekuja. Na mkinunua iliyotumika, bonyezeni *#06#, mlinganishe namba na ile ya boksi, mdai risiti.

Mathe alimaliza kulipa. Hakuna barua iliyokuja, ni ujumbe mmoja tu wa kumpongeza na kumwambia sasa anastahili kukopa simu kubwa zaidi. Hakuujibu. Jumapili iliyofuata alinipa elfu mbili, akanituma Luthuli nikamnunulie kabambe ya kuweka mfukoni mwa aproni.

"Unataka gani?" nikamuuliza, kwa mazoea.

"Kama ya shemeji," akasema. "Na chenji urudishe."