Nafuu ya kodi imfuate anayeitunza programu

Safu ya kila wiki | Na Salma Kibwana

Juni 2011 kampuni ya Oracle iliikabidhi OpenOffice kwa Apache Software Foundation, shirika la hisani la Marekani. Programu hiyo ya kuandikia barua na kupigia hesabu ilianzia Ujerumani, Sun Microsystems wakainunua mwaka 1999, na mwaka uliofuata wakaufungua msimbo wake kwa kila mtu. Kwa kuwa ulikuwa wazi, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliweza kutoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, menyu na amri zake zikiwa kwa Kiswahili, bila kumwomba mtu ruhusa wala kulipia leseni. Zawadi hiyo ilitufikia sisi wenyewe. Ndiyo maana naona inatuhusu kujua sheria ya kodi ya Marekani inaipimaje.

Kwa kifupi, inaipima kuwa karibu haina thamani, na katika hilo naiunga mkono. Kampuni ikilipa mishahara ya waandishi wa programu, mishahara hiyo hutolewa kwenye faida kabla ya kodi. Siku ya kuigawa programu, vitabuni mara nyingi hakuna gharama iliyobaki ya kudai. Tangu sheria ya mwaka 2004, mchango wa hataza na mali nyingine za ubunifu haupimwi tena kwa bei ya soko pale inapozidi gharama hiyo. Bunge la Marekani lilibana hivyo baada ya kampuni kugawa hataza kwa bei za kukuzwa ili zipunguziwe kodi. Isitoshe, leseni huria humpa kila mtu haki ya kutumia, ilhali nafuu ya mchango hutaka mpokeaji awe shirika linalotambuliwa. Kazi moja isilipwe mara mbili.

Ila siku ya makabidhiano ndiyo sehemu ndogo kabisa ya zawadi. Itazameni OpenOffice yenyewe. Tayari Septemba 2010 wengi wa waliokuwa wakiijenga walikuwa wameanzisha mradi wao mwingine, LibreOffice, na waliobaki hawakutosha. Mwaka 2016 uongozi wa mradi ulijadili hadharani uwezekano wa kuufunga, kwa sababu mikono ya kuziba mianya ya usalama ilikuwa michache mno. Msimbo ulikuwapo wote, hakuna mstari uliopotea. Waliokosekana ni watu. Vivyo hivyo OpenSSL, inayolinda mawasiliano ya tovuti nyingi duniani, za benki zikiwamo: kasoro ya Heartbleed ilipogunduliwa mwaka 2014, mradi ulikuwa na mtu mmoja tu wa kudumu, na michango yake ilikuwa kama dola 2,000 kwa mwaka.

Hao watunzaji ndio sheria inaowaumiza. Yorba, shirika dogo la San Francisco lililotengeneza programu huria za Shotwell na Geary, liliomba hadhi ya hisani Desemba 2009. Mamlaka ya kodi, IRS, ililikatalia Mei 2014, zaidi ya miaka 4 baadaye, ikisema kwamba programu zake zinaweza kutumiwa na yeyote kwa lolote, si maskini peke yao. Kwa hoja hiyo hata barabara isingekuwa faida kwa umma, maana tajiri naye huipita. Na Apache ilikuwa na hadhi hiyo hiyo miaka yote!

Kuna pia mishahara. Kuanzia mwaka 2022 kampuni za Marekani zililazimika kutawanya gharama za kutengeneza programu kwa miaka 5, na kwa miaka 15 kama kazi imefanyika nje ya nchi. Julai 2025 sharti la miaka 5 liliondolewa kwa kazi ya ndani. Ile 15 imebaki. Kampuni ya Marekani ikimwajiri kijana wa Nairobi au Dar es Salaam aboreshe programu huria inayotumiwa na dunia nzima, mshahara wake wa mwaka huu utamaliza kuingia kwenye hesabu za kodi miaka mingi baada ya kazi kusahaulika. Hili naliona dhuluma kwa vijana wetu wenye ujuzi.

Ninachotaka ni nafuu ya utunzaji: mshahara wa anayetunza programu ya umma uhesabiwe wote mwaka ule ule, popote anapokaa, na mashirika ya utunzaji yatambuliwe kuwa ya hisani. Atakayehofia udanganyifu wa bei zile za hataza akumbuke kwamba hapa hakuna bei ya kukisia, kuna mshahara uliolipwa. Na kazi yenyewe iko hadharani, kwa kuwa katika miradi hii kila badiliko huandikwa na jina la aliyelifanya na tarehe. Mkaguzi wa kodi anaweza kuifungua kumbukumbu hiyo akiwa ofisini kwake, akailinganisha na orodha ya mishahara, mstari kwa mstari.